Ndovu Wapite Wapi? Barabara Mpya ya Lamu na Somo la Mlima Kenya

Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, kingali na raha ambayo miji mingi ya Kenya ilishaisahau: hakuna lori linalopita mbele ya mlango wa mtu. Mzigo mzito hubebwa na punda au husafirishwa kwa mashua. Bodaboda zimeingia na zinazidi kuongezeka, lakini anayetaka kusikia mngurumo wa matrela sharti avuke maji aende Mokowe, bara.

Hata hivyo bara haijawahi kuwa mbali na maisha ya kijiji hiki. Mbao na mataruma ya jahazi hutoka kwenye miti ya huko. Fundi aliyechutama chini ya banda la makuti, tezo mkononi, akichonga taruma kidogo kidogo hadi likae sawa na ubavu wa chombo, huku pamba ya kalafati ikingoja zamu yake, anafanyia kazi mti uliokua katika nchi ya ndovu, nyati na nyamera. Nchi hiyo ndiyo inayopitishwa lami sasa, na namna lami hiyo itakavyopita ni jambo linalowahusu watu wa Matondoni kama linavyowahusu wenzao wa Hindi, Bodhei na Ijara.

Mradi wenyewe si mgeni. Tarehe 2 Machi 2012 marais Mwai Kibaki wa Kenya na Salva Kiir wa Sudan Kusini, pamoja na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, walikutana Lamu kuzindua LAPSSET, mpango wa bandari, barabara, reli na bomba la mafuta wa kuziunganisha nchi hizo tatu. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa 20 Mei 2021. Mwaka huohuo ikaanza kazi ya barabara zenye jumla ya kilomita 453: ile kuu ya Lamu hadi Garissa kupitia Ijara, ile ya Hindi hadi Kiunga kupitia Bodhei na Basuba, na ile ya Ijara hadi Hulugho kupitia Sangailu. Mkataba wa shilingi bilioni 17.9 ulikwenda kwa kampuni ya China Communications Construction Company. Kabla ya hapo barabara ya Garsen, Witu hadi Lamu, kilomita 135, ilikuwa imeshapigwa lami.

Watu wa Lamu wana haki ya kuifurahia lami hiyo. Waboni wa Basuba na Mangai wameishi miaka mingi bila njia ya uhakika ya kumfikisha mgonjwa hospitali, na wakulima wa Hindi na Mpeketoni wameona maembe na pamba yao ikikwama kwenye matope. Makala haya hayasemi barabara isijengwe. Yanauliza ndovu wapite wapi.

Kaskazini mwa kaunti kuna hifadhi mbili za taifa, Boni na Dodori, zote zilizotangazwa mwaka 1976. Misitu yake ni mabaki makubwa ya msitu wa pwani ambao zamani ulitanda kutoka Somalia hadi Msumbiji. Mwaka 2010 watafiti walitega kamera humo wakampiga picha paa nunga, mnyama mdogo ambaye wengi walidhani amebaki Unguja na Arabuko-Sokoke tu. Nyamera huonekana Dodori kwa makundi. Ukipanda kuelekea Ijara unaingia katika nchi ya hirola, swala mwenye mistari myeupe kuzunguka macho, ambaye duniani kote wamebaki chini ya 500. Mwaka 2012 jamii ya Ishaqbini, karibu na Masalani, ilizungushia uzio sehemu ya ardhi yake ikaweka humo hirola 48 ili wazaane mbali na simba na fisi. Ndovu wa Lamu, ambao walikuwa wengi kabla ya ujangili wa miaka ya 1970 na 1980, sasa ni wachache, na kwa sababu hiyo kila mmoja wao ana uzito wake.

Wanyama hawa hawakai mahali pamoja. Lamu haina mlima, ila ina majira. Mvua ikinyesha huingia ndani, na kiangazi kikikaza huteremka kutafuta maji kuelekea Tana, kwenye maziwa na kwenye mabwawa ya mifugo. Mwendo huo wa kwenda na kurudi ndio uhai wao. Barabara ikikatiza katikati yake, gari kugonga mnyama ni sehemu ndogo tu ya hasara. Ndovu jike mwenye mtoto akishituliwa na honi mara mbili tatu huiacha njia ile, akatafuta nyingine inayopita katika shamba la mtu. Na lami ikishatulia, maduka na vibanda hujipanga kandokando yake kilomita baada ya kilomita, hata pakabaki ukuta wa makazi usio na pengo. Mgogoro unaoishia kwa mkulima kuuawa na mnyama kupigwa risasi mara nyingi ulianza kwenye meza ya mchora ramani za barabara.

Mfano ulio karibu na wenye mafanikio uko mlimani. Mlima Kenya una ndovu takriban 2,000. Kaskazini mwake kuna msitu wa Ngare Ndare, na baada ya msitu huo kuna hifadhi ya Lewa, na kutoka hapo nyika inafunguka hadi Samburu. Zamani ndovu walipanda na kushuka kati ya baridi ya mlima na nyasi za nyika bila wasiwasi. Kisha yakaja mashamba makubwa ya ngano, nyua za umeme, vijiji, na katikati ya yote hayo barabara kuu ya Nanyuki hadi Meru. Ndovu waliendelea kujaribu. Walivunja nyua, walikanyaga ngano, walisimama barabarani usiku mbele ya taa za matatu.

Wenyeji hawakuanza na barabara. Walianza na ardhi. Mashamba ya Kisima na Marania yalikubali kutoa ukanda wa ardhi yao, na shirika la Mount Kenya Trust, hifadhi ya Lewa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, wakashirikiana kuufanya ushoroba wa kilomita 14 wenye uzio pande zote mbili. Ukanda wote uligharimu karibu dola milioni moja za Marekani, na robo ya fedha hizo iliingia katika handaki moja tu, lile linalopita chini ya barabara kuu.

Handaki hilo, la kwanza barani Afrika kujengwa mahsusi kwa ajili ya ndovu, halina urembo wowote. Ni zege tupu, pana kiasi cha ndovu kupita bila kujibana, na sakafu yake ni udongo kama ulivyo nje. Dereva anayepita juu anaweza asijue kwamba amelivuka. Kwa ndovu mambo ni tofauti: uzio unamwongoza pande zote mbili, anaona mwanga upande wa pili, na chini ya nyayo zake hapana kitu kigeni. Lilikamilika mwisho wa mwaka 2010. Tarehe 1 Januari 2011 dume mmoja aliyepewa jina la Tony na wahifadhi alipita, akafuatwa na wengine, na tangu hapo mamia ya safari za ndovu zimepita pale. Mwaka 2013 UNESCO ilipanua eneo la Urithi wa Dunia la Mlima Kenya ili lijumuishe Lewa na Ngare Ndare. Bila ule ukanda wa ardhi, maeneo hayo yangekuwa vipande vilivyotengana.

Lililofanya kazi pale si zege pekee. Handaki liliwekwa mahali ambapo ndovu walikuwa wanapita tayari, na ardhi ya mwanzo na ya mwisho ililindwa kabla ya zege kumwagwa. Handaki linalotokea kwenye shamba la mahindi ni mtego, kwa ndovu na kwa mwenye mahindi.

Watanzania nao wamelijua hilo kwa taabu. Chini ya Milima ya Udzungwa, mkoani Morogoro, bonde la Kilombero limejaa miwa, mpunga na vijiji, na ndovu waliozoea kutoka mlimani kwenda upande wa Selous, ambako sasa kuna Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, walibaki na njia moja nyembamba kisha nayo ikazibwa. Serikali ilipoamua kuitia lami barabara ya Kidatu hadi Ifakara, shirika la STEP linaloshughulikia ndovu wa kusini mwa Tanzania lilikaa na wanavijiji wa Mang'ula A, Sole na Kanyenja. Wakulima waliokuwa na mashamba ndani ya ushoroba walilipwa, uzio ukawekwa pembeni, na handaki likajengwa chini ya barabara, la kwanza la aina yake nchini humo. Kazi ilichukua miaka, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilikwenda kwenye vikao vya kijiji. Hapo ndipo Lamu inapopaswa kutazama kwa makini, kwa sababu zege hununuliwa kwa fedha lakini ridhaa ya mwenye shamba hupatikana kwa kukaa naye.

Si kila mahali mambo yalipangwa hivyo. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia hupita kilomita 50 ndani ya Hifadhi ya Mikumi. Pembeni kuna mabango yanayotaja faini ya kila mnyama atakayegongwa, na kuna matuta. Hata hivyo wanyama wanaendelea kufa, hasa usiku, kwa kuwa faini hulipwa mnyama akishakufa.

Tsavo ni somo jingine, tena la jirani. Reli ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa 31 Mei 2017, ilipita juu ya tuta refu kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Wajenzi waliacha njia sita maalumu za wanyama, mbali na madaraja na makaravati ya maji. Mwaka 2016 KWS na shirika la Save the Elephants waliwavisha ndovu kumi vidani vya kufuatilia mwendo wao. Ndovu waliojifunza walipita, na wengine walifika kwenye tuta wakageuka. Lakini shida kubwa ilikuwa hatua chache mbele. Sambamba na reli iko barabara kuu ya Mombasa, ambayo haina handaki hata moja la ndovu. Mnyama anayetoka salama chini ya reli anakutana ana kwa ana na matrela. Miradi miwili ya taifa moja ilipangwa na ofisi mbili zisizokaa meza moja, na gharama yake wanailipa mnyama na dereva wa usiku.

LAPSSET yenyewe ina ushahidi wake milimani. Barabara ya Isiolo hadi Moyale, ambayo ni sehemu ya ukanda huohuo unaoishia Lamu, hupita kando ya msitu wa Mlima Marsabit. Huko ndiko alikoishi Ahmed, ndovu mwenye pembe ndefu aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970 na akafa mwaka 1974. Ndovu wa Marsabit hushuka nyikani mvua ikinyesha na hurudi msituni kiangazi, kama walivyofanya enzi za Ahmed, ila sasa kuna lami ya kuvukwa.

Wapo pia wadogo, ambao husahauliwa kwa sababu hawapasui kioo cha gari. Diani, kusini mwa Mombasa, mbega walikuwa wakigongwa kila mara kwenye barabara ya hoteli. Mwaka 1997 likaundwa shirika la kuwatetea, likaanza kutundika ngazi za kebo na mipira kutoka mti wa upande huu hadi mti wa upande ule. Ukisimama chini ya mojawapo asubuhi unamwona mbega akishika ngazi kwa mikono miwili, mtoto mweupe kifuani, mkia ukining'inia juu ya paa za magari, na chini hakuna dereva aliyelazimika kukanyaga breki. Unguja, barabara inayopita msitu wa Jozani iliua kima punju wengi mpaka yalipowekwa matuta; vifo vikapungua, ingawa havikuisha. Hizo ni kazi za gharama ndogo. Kwa paa nunga wa Boni, na kwa sengi, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, karavati la kawaida lenye mdomo usiozibwa na takataka laweza kuwa ndiyo njia yenyewe.

Ng'ambo ya bahari, katika milima ya Rocky nchini Kanada, Hifadhi ya Banff imejenga mahandaki na madaraja ya wanyama zaidi ya 40 chini na juu ya barabara kuu inayovuka nchi. Pamoja na uzio, yamepunguza ajali za wanyama wakubwa kwa zaidi ya asilimia 80. Jambo lililowashangaza watafiti ni muda. Dubu wengine walichukua miaka hadi mitano kabla ya kuyaamini madaraja, kisha mama wakawafundisha watoto. Mwanasiasa anayetaka kuona matokeo kabla ya uchaguzi ujao hatayaona, na hilo lisiwe sababu ya kuyavunja.

Tukirudi Lamu, kuna mambo mawili ya hapa ambayo hayako Mlima Kenya. La kwanza ni maji. Nchi ni tambarare, na handaki lililochimbwa katika tambarare hugeuka kisima mvua za kwanza tu. Lakini maji hayohayo yanaweza kuwa msaada. Mafuriko ya mwisho wa 2023 yaliikata barabara ya Garsen kwenda Lamu pale Lango la Simba, karibu na Gamba, na abiria wakavushwa kwa mashua juu ya lami mpya. Sehemu kama hizo lazima ziinuliwe na kuwekewa madaraja mapana kwa ajili ya maji hata kama pasingekuwa na mnyama hata mmoja. Mhandisi akiongeza kimo na upana kidogo mahali ambapo nyayo za ndovu zinaonekana, daraja moja litapitisha maji wakati wa masika na wanyama wakati wa kiangazi. Gharama ya nyongeza hiyo, ikifanywa sasa, ni ndogo kuliko ya kuja kuibomoa lami baadaye. Fundi wa Matondoni hapangi mataruma baada ya jahazi kushushwa majini.

La pili ni usalama. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014, magari ya Lamu mara nyingi yamesafiri kwa kusindikizwa na polisi na safari za usiku zimebanwa. Mwaka 2015 serikali ilianza operesheni ya kijeshi msituni Boni, na wajenzi wa barabara mpya wenyewe wameshambuliwa. Kwa hiyo vyombo vya ulinzi vinataka vichaka vifyekwe pande zote mbili ili anayevizia aonekane. Ni haja ya haki, maana watu wameuawa. Mnyama naye anahitaji kichaka kinachofika karibu na mdomo wa njia yake, la sivyo hasogei. Haja hizi mbili zinaweza kupatanishwa ikiwa maafisa wa jeshi, wa barabara na wa KWS watatembea njia hiyo pamoja na kuamua mahali pa kufyeka na mahali pa kuacha. Na amani ikirudi, kama kila mtu anavyoomba, matrela ya bandari yatasafiri usiku kucha, na usiku ndio wakati wa wanyama kuvuka. Utulivu wa usiku wa miaka hii umeletwa na hofu, na hautadumu.

Ujuzi wa mahali pa kuvukia upo, tena karibu. Mwaka 2017 serikali ilichapisha ripoti ya njia za uhamaji wa wanyamapori katika nyika na pwani ya Kenya. Wapo pia Waboni, waliofuata ndege wa asali kwenye misitu hii vizazi kwa vizazi na wanaojua mti upi ndovu husugulia ubavu. Wapo wafugaji wa Ijara wanaomjua hirola kwa mwendo wake. Na wapo wavuvi na wakata mikoko wa Matondoni wanaofika kwenye vijito vya bara alfajiri na kuona nani alikunywa maji usiku. Ramani yoyote ya mhandisi iliyochorwa bila watu hawa ina mapengo.

Na watu wa Lamu wameshaonyesha kwamba sauti yao husikika wakiipaza. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba mradi wa bandari uliendeshwa bila kuwashirikisha wananchi ipasavyo na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Mwaka 2019 Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira lilifuta kibali cha mtambo wa makaa ya mawe. Nje ya Lamu, Juni 2014 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki huko Arusha iliizuia Tanzania kupitisha barabara ya lami kaskazini mwa Serengeti. Katika kesi za Lamu wananchi na mashirika walidai, pamoja na mengine, kuonyeshwa mpango kabla haujawa zege.

Basi wananchi wa Lamu na Garissa, wakiwamo wa Matondoni, waidai ramani hiyo sasa. Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA, pamoja na KWS na mamlaka ya mazingira, NEMA, waibandike kwenye ofisi za machifu Mokowe, Hindi, Bodhei, Basuba na Ijara, ikionyesha kila mahali penye njia ya wanyama, kimo chake, na nani atailinda ardhi ya pande zote mbili. Wabunge na wawakilishi wa wadi waulize fedha za njia hizo ziko katika fungu lipi la mkataba. Nawe dereva unayepita Nyongoro au Bodhei jioni, punguza mwendo pale unapoona mavi mabichi ya ndovu barabarani, kwani mwenyewe hajafika mbali.